Gari la Mbio kwa Mtu wa Kawaida: Punguza Magunia Kabla ya Kuongeza Farasi

Nimepewa nafasi ya kutoa maoni katika jarida letu la mwaka huu. Sitaandika juu ya madhara ya dawa za kulevya wala juu ya umuhimu wa kupanda miti, kwa maana mambo hayo yamekwisha kuandikwa hata wino ukakauka. Leo nataka tuzungumze juu ya gari la mbio. Naam, gari la mbio! Najua wapo watakaouliza, msichana na injini wapi na wapi? Hao nawaomba wasome kwanza, wacheke baadaye.

Maoni yangu ni haya. Mtu wa kawaida akitaka gari lenye mbio ambalo mfuko wake unaliweza, asianze kwa kutafuta injini kubwa. Aanze kwa kupunguza uzito. Nguvu ni kitu kizuri, sikatai, lakini nguvu hununuliwa kwa pesa leo, kesho na kesho kutwa. Uzito ukishautoa umeutoa, haukudai tena hata senti moja.

Nimeona ni muhimu kuyasema haya kwa sababu hapa shuleni kipo chama ambacho hakikuandikishwa popote, nacho ni chama cha Subaru. Wanachama wake hukutana wakati wa mapumziko chini ya ule mti ulio karibu na mfereji wa maji. Mazungumzo yao ni farasi tu. Gari hili lina farasi 220, lile lina farasi 280, la fulani limewekwa turbo. (Hapa nasema turbo ile ya injini, si mji wa Turbo ulio njia ya kwenda Eldoret.) Sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza gari lina kilo ngapi. Bei nayo huulizwa mwisho, na jibu lake ni kuwa "nitauza ng'ombe wa guka" au "tutakata shamba kidogo". Jamani, shamba haliotesheki likishakatwa! Hiyo ndiyo sababu ya mimi kushika kalamu.

Wahenga walisema chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Gari la mbio nalo lina mafiga yake matatu, yaani nguvu, uzito na gharama. Ukirefusha figa moja peke yake, chungu kinapinduka na mboga inamwagikia majivuni. Gari lenye nguvu nyingi na uzito mdogo laweza kutengenezwa, nayo makampuni makubwa hutengeneza mengi kwa nyuzi za kaboni, lakini bei yake ni ya wafalme. Gari la bei nafuu na nguvu nyingi laweza kupatikana pia, ila litakuwa kuukuu na zito, na litakula mafuta kama nzige. Kazi ya fundi mwenye akili ni kuyasawazisha mafiga yote matatu.

Ili tuelewane, tutumie kipimo cha nyumbani. Hapa kwetu kila mtoto anajua gunia la mahindi la kilo 90, maana amelibeba, amelikalia au ametumwa alilinde. Basi gari dogo la Mazda MX-5 la kwanza, lile la viti viwili lililotoka mwaka wa 1989, lilikuwa na uzito wa kama kilo 950. Hayo ni magunia kumi na nusu. Subaru Forester yenye turbo ina kama kilo 1,450, yaani magunia kumi na sita. Kila unapokanyaga mafuta, unapopiga kona na unapofunga breki, hiyo Forester inahangaika na magunia matano na ushei ambayo Mazda haina. Tofauti yake na mahindi ni kwamba hayo magunia hayauziki hata kwa bodi ya nafaka.

Mwaka huu katika somo la fizikia tumejifunza sheria za Newton. Ile ya pili inatuambia kwamba nguvu ile ile ikisukuma kitu chepesi, kitu hicho huongeza mwendo haraka kuliko kizito. Kwa hivyo ziko njia mbili za kupata mbio, uongeze nguvu au upunguze uzito. Katika karatasi ya mtihani njia hizo mbili ni sawa. Katika gereji si sawa hata kidogo. Ukiongeza nguvu, klachi ya zamani itateleza, kwa hivyo utanunua nyingine. Gia nazo zitalia. Rejeta itashindwa kupoza. Gari likikimbia zaidi litahitaji breki kubwa zaidi, na breki kubwa zinataka rimu kubwa, na rimu kubwa zinataka tairi za bei. Vyote hivyo vina uzito! Basi utajikuta umeongeza uzito, na sasa unahitaji nguvu tena. Ni kama mbwa kufukuza mkia wake mwenyewe.

Lakini ukipunguza uzito, mambo yanageuka yakawa mema. Gari jepesi hutosheka na injini ndogo. Injini ndogo ni nyepesi, hutosheka na breki ndogo na tairi nyembamba, na hutumia mafuta kidogo, kwa hivyo hata tangi laweza kuwa dogo. Kila unachopunguza kinakuruhusu upunguze kingine. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa haba na haba huondoa gunia.

Tena iko sababu nyingine inayotuhusu sisi watu wa nyanda za juu kuliko watu wa Mombasa. Kitale iko juu kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na Bungoma kama mita 1,400. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Injini nayo hupumua kama sisi, maana petroli haichomeki bila hewa. Injini ya kawaida isiyo na turbo ikifika Kitale hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Ikiwa kitabu cha gari kimeandika farasi 115, hapa kwetu utapata kama 96 hivi. Wale wengine 19 ulilipia pesa, lakini wamebaki baharini wanaogelea. Je, uzito nao unapungua ukifika Kitale? La hasha! Kilo 950 za Mombasa ni kilo 950 za Kitale. Kwa hivyo nguvu unayonunua unaipata nusunusu, lakini kilo unayoitoa umeitoa yote. Turbo husaidia kuirudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo, nakubali. Ila turbo nayo ina bei yake, inataka oili safi kwa wakati wake, na ikifa haifi peke yake.

Mambo haya sikuyapata vitabuni pekee. Mjomba wangu ni makanika wa jua kali mjini Bungoma, na likizo nyingi mimi huenda kukaa kwake. Likizo ya Aprili alikuja kijana mmoja na Vitz ya injini ndogo, ile ya 1000 cc. Alilalamika kwamba kila akitoka Webuye kupanda Kitale gari linachoka kama punda wa maji. Alitaka atolewe injini hiyo awekewe kubwa. Pesa alikuwa ameanza kuzitafuta kwa mkopo wa chama.

Mjomba alizunguka gari mara mbili bila kusema neno. Kisha akaniambia, "Mwana wa dada, kaniazimie ile mizani ya pale kwa posho mill." Tukaanza kutoa vitu na kuvipima kimoja kimoja, nami nikiandika. Spika kubwa ya muziki ya nyuma pamoja na sanduku lake la mbao ilikuwa kilo 31. Vyuma vya mbele alivyochomelea ili gari lionekane la kiume vilikuwa kilo 27. Keria ya juu ilikuwa kilo 18. Ndani ya buti kulikuwa na vipande vya injini nyingine, minyororo na kopo la rangi iliyoganda, jumla kilo 16. Tukajumlisha, zikawa kilo 92. Mjomba akacheka akasema, "Kijana, umekuwa ukibeba gunia la mahindi kutoka Bungoma hadi Kitale, na kulirudisha, kila siku, bila nauli."

Nilipiga hesabu usiku huo. Vitz ya namna ile ina kama farasi 70 na uzito wa kama kilo 900. Pamoja na lile gunia la bure ilikuwa kilo 992. Kila farasi alikuwa akivuta kilo 14 na ushei. Baada ya kutoa mzigo kila farasi alivuta kilo 13 kasoro kidogo. Ili apate matokeo hayo hayo kwa kuongeza nguvu, yule kijana angehitaji farasi 77. Basi alipewa farasi saba bila kununua hata spana. Alirudi baada ya wiki moja akiwa ameridhika, ingawa bado analilia spika yake. Pesa za mkopo hakuzichukua. Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili si mchezo wa watoto, ni jambo la mtu kulala na deni au kulala bila deni.

Hebu sasa tuangalie walimwengu walifanya nini. Huko Uingereza alikuwako mhandisi aitwaye Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus. Imani yake ilikuwa kurahisisha kila kitu na kupunguza uzito kabla ya kufikiria nguvu. Mwaka wa 1957 kampuni yake ilitoa gari dogo liitwalo Lotus Seven, ambalo uzito wake haukufika kilo 500, yaani magunia matano na nusu hivi. Liliuzwa pia likiwa vipande vipande ili mnunuzi ajiunganishie mwenyewe nyumbani na apunguze gharama. Chapman alifariki mwaka wa 1982, lakini mwaka wa 1996 kampuni hiyo ilitoa Lotus Elise. Chesisi yake ilikuwa ya aluminiamu iliyounganishwa kwa gundi, na gari zima lilikuwa na kilo 725 hivi. Injini yake je? Ilikuwa injini ya kawaida ya Rover yenye farasi 118, ile ile iliyotiwa katika magari ya watu wa kwenda kazini. Hawakutumia pesa nyingi kutafuta nguvu. Pesa zao walizitia katika wepesi.

Mazda nao walifuata njia hiyo kwa bei ya chini zaidi. MX-5 haikuwa na aluminiamu nyingi wala maajabu. Ilikuwa chuma cha kawaida, injini ya 1600 cc yenye farasi kama 115, viti viwili na paa la kukunja. Forester ya turbo ikipambana nayo katika barabara iliyonyooka itaiacha, lazima niseme ukweli. Lakini gari jepesi hupinda kona bila kulalamika, na tairi zake hudumu. Kufikia mwaka wa 2016 zilikuwa zimetengenezwa MX-5 zaidi ya milioni moja. Hakuna gari jingine la mbio la viti viwili lililouzwa kwa wingi namna hiyo.

Labda utasema, hayo ni ya Ulaya na Japani ambako barabara ni laini kama meza. Haya, turudi nyumbani. Safari Rally ilianza mwaka wa 1953, na barabara zake hazikuwa meza. Mwaka wa 1971 ilishindwa na Datsun 240Z iliyoendeshwa na Edgar Herrmann. Mwaka wa 1973 gari la aina hiyo hiyo lilishinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuja kuwa dereva wa Kenya na kushinda Safari mara tano. Hii 240Z ndiyo hasa gari ninalolizungumzia, la mbio, jepesi kiasi na la bei ya kustahimilika. Uzito wake ulikuwa kilo elfu moja na kidogo, na nguvu zake kama farasi 150. Ilipoanza kuuzwa Marekani bei yake ilikuwa dola 3,526, wakati Porsche 911 iliuzwa kwa zaidi ya dola 6,000. Vyuma vyake vingi vilitoka katika ukoo wa magari ya kawaida ya Datsun, kwa hivyo spea hazikuwa za kutafutwa kwa tochi.

Mfano unaonifurahisha kuliko yote ni wa mwaka wa 1974. Mwaka huo Björn Waldegård wa Uswidi alikuja na Porsche 911. Upande wetu alikuwako Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ambaye alikuwa makanika katika gereji ya baba yake kabla ya kuwa dereva. Yeye alikuwa na Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR. Lancer ya namna hiyo inayouzwa dukani ilikuwa na farasi 110 tu na uzito wa kama kilo 825, magunia tisa na kidogo. Porsche ya namna ya Carrera ilikuwa na farasi 210. Ukipiga hesabu, kila farasi wa Porsche alibeba mzigo mdogo zaidi. Chama cha Subaru kingekuwako siku hiyo kingeweka pesa zote kwa Porsche. Lakini aliyeshinda ni Joginder, naye Waldegård akawa wa pili. Mwaka wa 1976 Joginder alishinda tena kwa Lancer. Porsche katika miaka yote hiyo haikupata kushinda Safari hata mara moja. Hesabu ya farasi na kilo peke yake haitoshi. Gari lazima livumilie, fundi aweze kulitengeneza, na dereva alijue.

Sasa tuseme juu ya figa la tatu, gharama, ambalo ndilo limewaangusha wengi hapa nchini. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliwaomba wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata kama halitakuwa na sura nzuri wala mbio. Mwezi wa Februari mwaka wa 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa Kasarani. Yaliweza kukimbia kilomita 120 kwa saa. Wakenya walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini kuunda magari matano ni jambo moja, na kuunda elfu tano ni jambo jingine. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi zilikosekana, na magari yale yakabaki kuwa kumbukumbu.

Baadaye ilikuja kampuni ya Mobius, iliyoanzishwa mwaka wa 2009. Wao waliondoa kila walichoona si lazima, na Mobius II ya kwanza iliuzwa kwa shilingi 950,000. Wazo lilikuwa zuri. Ila mwananchi akitazama pesa hizo huona pia gari kuukuu la Japani lenye vioo, redio na kiyoyozi. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka minane, na ushindani huo si mchezo. Agosti mwaka wa 2024 Mobius ilitangaza kwamba imelemewa na madeni na kodi, kisha ikasema imepata mnunuzi. Funzo ni kwamba kuondoa vitu peke yake hakumvuti mnunuzi. Wepesi lazima umpe kitu anachokihisi, kama mbio, mafuta kidogo au raha ya kuendesha. MX-5 ilikuwa na vitu vichache, lakini aliyeiendesha alishuka akitabasamu.

Wapo wanaonipinga, na mgala muue na haki yake mpe. Wa kwanza husema gari jepesi ni hatari, likigongana na lori la miwa linakuwa chapati. Ni kweli, likigongana na kizito, chepesi huumia zaidi. Ndiyo maana sisemi watu wang'oe mikanda, breki, mlingoti wa paa au gurudumu la akiba. Kupunguza uzito si kupunguza uhai. Toa kisichofanya kazi, acha kinachokulinda. Lakini tukumbuke pia kwamba gari jepesi husimama kwa breki ndogo na hukwepa upesi. Na mwendo ndio muuaji mkubwa, kwa sababu ukiuzidisha mara mbili, nishati ya mgongano huzidi mara nne. Gari la mbio ni la mahali pa mbio. Barabara ya Kitale kwenda Webuye, yenye watoto wa shule, ng'ombe na boda boda, si mahali hapo.

Na kama ni hatari tunayoitafuta, basi tutazame Probox zetu. Probox ni gari lenye uzito wa kama kilo 1,050 na farasi kama 105. Kila farasi anavuta kilo kumi. Kumbe si mbali sana na MX-5! Ndiyo sababu zinaruka vile. Lakini akishapakiwa abiria kumi wa kilo 60 kila mmoja, wengine wamekaa kwenye buti na mmoja anakaa pamoja na dereva, uzito unafika kilo 1,650, zaidi ya magunia kumi na nane. Breki ni zile zile zilizoundwa kwa watu watano. Dereva naye mwendo ni ule ule. Kama wenzangu wangekuwa wanahesabu kilo kama wanavyohesabu farasi, wangekataa kupanda. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kila asubuhi ninasimama barabarani, na hesabu hiyo kwangu ni ya kufika au kutofika.

Wa pili husema gari la mbio ni anasa wakati karo haijalipwa. Ningekubali kama ningewaambia mnunue. Mimi nasema tujifunze kuliunda. Ujuzi wa kufanya chesisi iwe nyepesi bila kuwa dhaifu ni ule ule unaohitajika katika ambulensi ya mashambani, tuktuk ya mizigo, trela ya miwa na hata mkokoteni. Baiskeli yenyewe inatufunza. Mtu anayeendesha ile nzito ya keria akipanda kilima anajua thamani ya kila kilo, maana injini ni miguu yake.

Wa tatu husema mambo ya petroli yanapita, umeme unakuja. Vyema, na umeme una faida moja kubwa kwetu, mota ya umeme haipumui, kwa hivyo haipotezi nguvu hapa Kitale. Lakini betri ni nzito. Gari la kwanza la Tesla, Roadster ya mwaka wa 2008, liliundwa kwa msingi wa ile Lotus Elise, na kwa ajili ya betri uzito wake ulizidi kilo 1,200. Magunia yamerudi kwa mlango wa nyuma! Kwa hivyo elimu ya kupunguza uzito haitapitwa na wakati. Itahitajika zaidi.

Basi ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, klabu yetu ya sayansi ishirikiane na Chama cha Kiswahili, tupime magari ya walimu watakaokubali na tuandike kila farasi anavuta kilo ngapi. Tutaandika kwa Kiswahili, ili hata makanika asiyejua Kiingereza anufaike. Pili, Kitale National Polytechnic na chuo cha ufundi cha Sang'alo huko Bungoma wawape wanafunzi wao shindano la kuunda gari la viti viwili. Injini itoke katika gari dogo lililochakaa, uzito usizidi magunia saba, na gharama iandikwe hadi shilingi ya mwisho. Mshindi asiwe mwenye mbio tu, awe aliyesawazisha mafiga matatu. Tatu, mafundi wa jua kali waalikwe kuwa waamuzi pamoja na wahadhiri. Joginder Singh alitoka gerejini, na aliwashinda waliotoka viwandani.

Kwa ndugu zangu wa chama cha Subaru, sina ugomvi nanyi. Endeleeni kuhesabu farasi, lakini kabla ya kumwambia guka auze ng'ombe, nendeni na mizani. Fungueni buti, toeni visivyohitajika, mpime. Huenda mkagundua kwamba gari mnalolitaka tayari mnalo, limefunikwa na magunia. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mimi naamini vyetu vitaelea siku moja, kwa sababu vitakuwa vyepesi.

Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu